Kiingereza Nilichoazima kwa Majirani

Mbooni, Jumapili asubuhi, likizo ya Agosti 1986. Ukungu umekaa juu ya kilima tangu jana na hauna dalili ya kuondoka. Baridi ya kuvaa sweta mbili.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: tangu Nyambura ahame, mimi huongea naye kila siku.

Nikienda kuteka maji, naongea naye. Nikichambua maharagwe, naongea naye. Namuuliza swali kwa sauti yangu, halafu najijibu kwa sauti yake, ile nyembamba inayopanda mwishoni kama mtu anayekimbilia juu ya mlima. Ukinisikia kutoka upande wa pili wa ua wa mkonge utadhani tuko wawili. Juzi mama aliniita kutoka jikoni, “Mwende, uko na nani huko?” Nikasema niko na mbuzi.

Haukuwa uongo mtupu. Mbuzi alikuwepo.

Naandika sasa kwa sababu kijiji chote kiko kanisani. Nimesema naumwa na tumbo. Mama aliniangalia vile anavyoangalia maziwa ambayo hana hakika kama yameharibika, akajifunga kitambaa, akamshika mdogo wangu mkono, wakashuka. Kutoka hapa kitandani nasikia wakiimba kule chini. Na Nyambura yuko kule. Si yule wa mdomoni mwangu. Nyambura mwenyewe, mwenye miguu, ameketi kwenye benchi la kina mama na familia ya shemasi wetu, Mzee Musembi. Gari la baba yake liko nje ya kanisa. Ibada ikiisha na ukungu ukipungua, wanaondoka.

Na mimi niko hapa na tumbo zima kabisa.

Wacha nianze mahali panapoeleweka.

Baba yake Nyambura ni bwana shamba. Kwao ni Nyeri, lakini serikali ilimleta huku kwetu kufundisha watu kuchimba matuta ili udongo usikimbilie mtoni. Walipanga nyumba iliyo ng’ambo ya njia yetu, ile ya mabati mapya. Nyambura akaja kwenye darasa letu hapo shuleni, akaketi kando yangu kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Hajui Kikamba, mimi sijui Kikikuyu. Tukabaki na Kiswahili, ndiyo maana hata leo naandika kwa Kiswahili. Kikamba mama husoma kila jioni katika Biblia yake, angeyamaliza haya kabla ya ugali kuiva. Kiingereza nacho, nitaeleza, si changu.

Siku ya kwanza ya Form Two, mwalimu wa Kiingereza alisema kila mtu asimame ajieleze. “Tell us about yourself.” Hayo tu. Wenzangu wakasimama mmoja mmoja: jina, kijiji, nataka kuwa nesi, nataka kuwa rubani, hata yule ambaye hajawahi kuona ndege ikiwa chini. Zamu yangu ikafika. Maneno nilikuwa nayo. Kwenye mtihani wa kuandika mimi si mtu wa mkia. Lakini nilisimama, nikatazama ubao, ubao ukanitazama. Kila neno nililolishika lilikuwa linateleza kama sabuni. Mwisho mwalimu akasema, “Sit down,” bila ukali, na hiyo bila ukali ndiyo iliniuma. Nyuma yangu kuna aliyenong’ona “bubu”, na jina hilo likanikaa mwaka mzima.

Nyambura hakucheka. Hakunipa pole pia. Pole ningeshindwa kuibeba.

Jioni hiyo tulikuwa nje kwetu tukichambua maharagwe, akaja Mama Kioko kuazima chumvi. Mama Kioko ni jirani wetu wa chini, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng’ombe wa kijiji kingine, na tabia yake ni moja: huazima kitu huku akikitukana. Mama alimpimia chumvi kwenye karatasi. Mama Kioko akaionja na ncha ya ulimi, akakunja uso.

“Hii chumvi yenu haina nguvu. Mnainunua kwa nani? Hebu niongezee.”

Akaongezewa, akaenda akilalamika njia nzima. Nyambura akaniuliza polepole, “Sasa hayo angeyasema kwa Kizungu, angesemaje?”

Sikufikiria. Mkono ulijiweka kiunoni wenyewe, uso ukajikunja, na mdomo wangu ukasema, “This salt of yours has no strength. Who sold it to you? Add me some more!”

Nyambura alianguka juu ya maharagwe. Alicheka mpaka tukaanza kuchambua upya. Mimi nilikaa pale nikiwa nimeshika ungo, naogopa. Yalikuwa yametoka. Yote, yamenyooka, bila kuteleza. Ile ndiyo sentensi yangu ya kwanza ya Kiingereza mbele ya mtu, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mama Kioko.

Kutoka hapo ikawa mchezo wetu, ‘kuwafanya’ majirani kwa Kiingereza, na ikawa shule kuliko shule.

Mzee Nzioki ndiye aliyekuwa mtamu zaidi. Anaishi juu yetu, peke yake, na ana michungwa ambayo watu huja kuiona kutoka sokoni. Mzee huyu hukataa kabla hujafungua mdomo. Ukimwambia “Mzee, habari,” anasema “Hapana.” Halafu anakupa. Ukitumwa machungwa kwake, mazungumzo ni yale yale siku zote: “Aiee. Hakuna. Nimesema hakuna. Unataka mangapi?” Na ukigonga mlango wake ukasema hodi, hatakuuliza wewe ni nani kama watu wengine. Anaguna kutoka ndani, “Ni nani anauliza?” wakati hakuna aliyeuliza kitu. Nyambura alinifundisha yakae vizuri kwa Kiingereza: “No. There are none. I have said there are none. How many?” Na ile ya mlangoni: “Who is asking?” Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Akija kwetu akigonga, mimi naguna kutoka ndani. Nikienda kwao, yeye anaguna.

Halafu Mzee Musembi, shemasi. Huyu huwezi kumuuliza njia ya kwenda posho mill kabla hajakwambia tuinamishe vichwa. Kila kitu kwake ni tangazo ama ni sala. Kuku wake akipita, sisi nyuma ya mkonge: “We thank the Lord for this hen, and we humbly ask her to lay.” Nyambura aliniambia hiyo humbly niijaze pumzi, manake Mzee Musembi akifika kwenye unyenyekevu ndipo huinua sauti zaidi.

Mtu asifikirie tulikuwa tunawadharau. Ukitaka kumwiga mtu vizuri lazima umsikilize, na sidhani kuna aliyewahi kumsikiliza Mama Kioko kama tulivyomsikiliza sisi. Nilijua anavyoomba akiwa na njaa na anavyoomba akiwa na upweke tu, ametafuta chumvi kama kisingizio. Kiingereza chake cha siku hizo mbili kilikuwa tofauti. Cha pili kilikuwa na “by the way” nyingi.

Hata darasani nikaanza kuponea. Mwalimu akiniuliza, nafunga macho kidogo, namleta Mzee Nzioki. Siku moja mwalimu alisoma habari fulani akataka maswali. Nikasimama nikauliza, “And who is saying so?” kwa ukali wa mwenye michungwa. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyesalimiwa na kiti. Akajibu, lakini. Alijibu kwa heshima.

Lakini siku aliposema tena tujieleze, bubu alirudi. Manake hapo huwezi kumleta jirani.

Hili la kutokuwa na sauti yangu, nafikiri lilianza mbali. Mimi nimepewa jina la bibi, mama yake baba. Kwetu ukipewa jina la mtu unachukua na nafasi yake. Baba ni fundi wa mawe huko Machakos, akija nyumbani mwisho wa mwezi ananiita “mwaitu”, yaani mama yangu, na ananisalimia kwa adabu kabla ya kunituma maji. Mzee Nzioki alikuwa kakake bibi, kwa hivyo ananiita dada. Tangu nikiwa mdogo nimeitwa mama na dada na wazee, nikaitika. Na huyo Mwende wa kwanza alikuwa mwimbishaji wa mwethya, kile kikundi cha kina mama cha kulimiana kwa zamu. Wanasema akiimba hata jembe lilikuwa linasikiliza. Halafu nikaja mimi. Mama Kioko husema mbele ya watu, “Huyu Mwende alirudi lakini mdomo aliusahau kule.”

Watu hucheka. Mimi pia hucheka.

Mwezi wa nne mwaka huu Nyambura akaniambia baba yake amehamishwa. Kyuso. Hata sikujua ni wapi, nikaangalia kwenye ramani ya shule: ni juu kabisa kaskazini, mahali pa joto na ndengu na ng’ombe wanaotembea mbali kutafuta maji. Siku ya kuondoka gari lilijazwa mpaka magodoro yakawa juu yamefungwa kamba, na vitanda na kabati vikabaki kwa Mzee Musembi vingoje safari nyingine. Tulisimama kando ya jiwe la mlangoni petu, lile lililolegea ambalo sote huliruka. Nilikuwa natafuta neno. Nyambura akasema kwa Kiswahili, “Na mimi usinifanye, Mwende. Ukitaka mimi, ngoja. Nitakuja mwenyewe.”

Nikasema sitamfanya.

Jioni ile ile mtoni nilimfanya. Nilikuwa nataka tu kusikia.

Sasa jana.

Wiki iliyopita Mzee Musembi alitangaza, kwa sauti yake ya sala, kwamba bwana shamba angekuja Jumamosi kuchukua vitanda, na kwamba binti yake angekuja naye. Tangu hapo sikulala vizuri. Nilitengeneza sentensi moja. Yangu, si ya jirani. “I missed you.” Watu wa Kiingereza wanaisema kwenye vitabu kama wanavyosema nipe kijiko. Niliijaribu shambani, niliijaribu mtoni, nikamjaribia mbuzi. Kila mara ilitoka na sauti ya mtu mwingine. Mara ni Mzee Musembi anaishukuru, mara ni Mama Kioko anaidai.

Nilitafuta ni jirani gani ningeazima kwake. Hakuna. Hapa kwetu hakuna mtu anayeyasema maneno hayo kwa mdomo. Mama akimkumbuka baba anauliza kama gari la Machakos limefika sokoni, hata katikati ya mwezi. Mzee Nzioki mke wake alikufa kabla sijazaliwa, na hadi leo akimenya chungwa anaweka nusu kando, kisha anaila mwisho. Mama Kioko anakuja kuazima chumvi. Watu wanakumbukana sana hapa. Lakini wanafanya kwa mikono.

Na Jumamosi hiyo hiyo ilikuwa zamu yetu ya mwethya. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye shamba letu la juu, wamejipanga wakichimba tuta, ukungu umewakata miguu unaona viuno na majembe tu. Mimi nilikuwa nabeba mawe kwa karai. Nikasikia gari. Halafu Nyambura akatokea kwenye ukungu, amekuwa mrefu, amekuwa mweusi kwa jua la Kyuso, amevaa viatu vya shule Jumamosi. Akaniangalia akacheka. Nikasema, “Umefika?”

Umefika! Kama mtu wa tiketi.

Akasema amefika, akachukua karai akanifuata. Hapo ndipo Mama Kioko alipotuona. Yeye ndiye mwimbishaji siku hizi, tangu bibi aondoke. Na sheria ya mwethya ni moja: ukiwa na jembe mkononi hukasiriki. Wimbo ukikutaja, unacheka na unachimba. Mengi ambayo watu hawawezi kuambiana sokoni huambiana kwenye tuta. Mama Kioko akatunga papo hapo:

“Kuna ndege wawili kwenye mkonge,
wanalia lugha isiyo yetu.
Kama ni sisi wanaotusema, watuambie,
jembe liko mkononi, hatukasiriki.”

Kina mama wakaitika, “Hatukasiriki!” Kumbe walijua. Muda huo wote nyuma ya mkonge, tukidhani tunajificha.

Nyambura si mtu wa kubembelezwa. Aliweka karai chini, mkono kiunoni, akamfanya Mama Kioko na chumvi yake mbele ya Mama Kioko mwenyewe. Nilitamani tuta linimeze. Mama yangu akasimamisha jembe hewani. Halafu Mama Kioko akatoa kicheko kilichowaamsha mbwa wa ng’ambo.

“Mimi huyo! Ngai wangu, mimi huyo! Hata Kizungu nakijua na sikuwa na habari!” Akanigeukia. “Na wewe bubu wa watu, ongeza!”

Nikaongeza. Sijui nini kiliniingia. Nilimfanya Mzee Musembi na kuku. Nilimfanya Mzee Nzioki, naye Mzee Nzioki alikuwa amekuja kwa ukingo wa shamba na kikapu cha machungwa ya wafanyakazi. Akauliza, “Amesema nini huyo?”

“Amesema wewe hukataa kwanza,” mama mmoja akamjibu.

“Aiee! Mimi sikatai. Nani amesema? Hapana.” Akatua kikapu. “Mko wangapi?”

Wale kina mama walilala juu ya majembe. Mama yangu, ambaye hucheka kwa kufunika mdomo, alisahau kufunika. Aliniangalia kama ameletewa mtoto mgeni, na akapendezwa. Kwa mara ya kwanza nilisikia mtu akisema, “Kweli huyu ni Mwende.” Nilikuwa na joto mpaka masikioni. Nilikuwa na kila mtu mdomoni.

Na katikati ya kicheko hicho Nyambura akanisogelea, si kwa sauti ya jirani, kwa yake. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, “Now do Mwende.”

Wengine hawakuelewa, lakini walinyamaza, sababu walimwona uso. Hakuwa anacheza. Alikuwa anaomba. Amekuja kutoka Kyuso, barabara yote ile ya vumbi, kuomba kitu kimoja.

Nilikuwa nacho. Naapa nilikuwa nacho kwenye ulimi.

Nikashika fimbo isiyokuwepo, nikakunja mgongo, nikaguna: “Who is asking?”

Shamba lote likacheka tena. Nyambura pia alicheka, lakini alichelewa, na aliacha mapema. Akasema kwa Kiswahili, karibu na sikio langu, “Ni mimi nilikuwa nauliza.” Akainama akachukua karai lake akaenda kubeba mawe upande wa pili. Hatukuongea tena. Jioni ukungu ulikuwa mzito hata baba yake akaogopa kushuka na gari lenye vitanda, wakalala kwa Mzee Musembi. Niliona taa yao kutoka dirishani. Ilikuwa ni kuvuka njia tu.

Sikuvuka.

Nimeacha kuandika kidogo. Nilisikia fimbo nje, nikasukuma karatasi chini ya gunia la maharagwe. Ni Mzee Nzioki. Yeye haendi kanisani tangu agombane na kamati juu ya mahali pa kuchimba choo.

“Dada,” akaita kutoka nje, “mbona huko kanisani?”

“Tumbo, Mzee.”

“Tumbo.” Alilifikiria. “Linauma kwa sababu ya chakula ama kwa sababu ya gari?”

Nikamsikia anaweka kitu kwenye kizingiti.

“Haya si yako. Usiyaguse. Ni ya yule mtoto wa bwana shamba, huko anakoenda hakuna machungwa.” Akakohoa. “Hapana, mimi simpelekei. Mguu. Utampelekea wewe.”

“Mzee, nitamwambia nini?”

“Mimi naulizwa ya kusema? Wewe jana ulikuwa unasema na watu wote.” Halafu, kwa sauti ambayo hatujawahi kumfanya nayo kwa sababu hatukuijua: “Dada yangu, yule wa kwanza, alikuwa anaimba watu wote. Kila mtu ana wimbo wake hapa. Yeye mwenyewe hakujiimba. Mimi ningependa kuusikia huo.”

Akaenda na fimbo yake. Niliyaangalia machungwa kupitia mwanya wa mlango. Aliyapanga vizuri kwenye kikapu kidogo, majani bado yamo.

Nimerudi kuandika, na sasa naona nilichofanya jana. Nilifikiri aibu yangu ni kwamba sina Kiingereza. Kumbe ninacho, kingi, cha kuomba, cha kukataa, cha kushukuru kuku. Nilichokosa ni kusimama nacho bila mtu mbele yangu. Nyambura alikuwa wa kwanza kutaka kumwona huyo aliye nyuma. Mwalimu alitaka habari za jina na kijiji. Baba anamtaka mama yake. Kina mama wanamtaka mwimbishaji wao. Huyu mmoja alitaka mimi, nami nikamfungia mlango kwa sauti ya mzee wa watu.

Na mbaya zaidi, miezi hii yote nimekuwa nikimweka mdomoni ili anijibu ninavyotaka. Nyambura wangu wa mtoni hanichoki. Haombi kitu. Hachelewi kucheka. Lakini jana nilipomsikia mwenyewe, sauti yake haikuwa kama ninavyoifanya. Imeteremka kidogo. Ina kitu cha Kyuso ndani, sijui ni vumbi ama ni huzuni. Nilikuwa nikimfanya Nyambura ambaye hayuko tena, na aliyepo sikumsikiliza hata mara moja.

Kule chini wimbo umeisha. Sasa ni Mzee Musembi, najua kwa kimya cha wengine. Anatangaza. Akimaliza kutangaza ataomba, na akiomba ataombea gari, na vitanda, na kila nati ya gurudumu. Nina muda. Ukungu lakini umeanza kupasuka, naona bati la ile nyumba yao ya zamani linang’aa. Nikivaa viatu sasa nitafika. Nikikaa, watapita hapo chini, nitasikia gari mpaka lizunguke kona, na jioni nitaenda mtoni nimwulize Nyambura wa uongo kama amenikasirikia, na atasema hapana.

Nimevaa kiatu kimoja.

Kuna mtu anakuja.

Si Mzee Nzioki, hakuna fimbo. Si Mama Kioko, akala zake za tairi hupiga makofi njia nzima. Si mama, mama hukokota miguu akipanda. Na ibada haijaisha, nasikia bado sala. Huyu ametoka katikati ya sala. Anakimbia, anasimama kupumua, anakimbia tena. Ni viatu vigumu, vya shule.

Amefika kwenye jiwe la mlangoni. Mgeni hulikanyaga, likamyumbisha. Huyu ameliruka.

Nimeita, “Nani?”

Anapumua tu, nasikia pumzi. Halafu imekuja, sauti yenye vumbi kidogo, inajilazimisha kuwa ya mzee mwenye michungwa, na inatetemeka:

“Who is asking?”

Naficha karatasi. Hilo swali sasa ni langu, na hapa hakuna mwingine wa kulijibu.